Bodi la Zahoro

Zahoro alizungusha hendeli ya kuwashia mara ya kumi na nane, na gari halikusema kitu.

Akaiachia, akanyoosha mgongo, akatazama juu ya mapaa ya makuti na madebe kuona jua limefika wapi. Halijafika popote. Ilikuwa Julai, kipupwe kimekolea, na watu waliokuwa wakielekea sokoni Kariakoo walikuwa wamejitanda mashuka mpaka masikioni. Mikokoteni ilikwisha kuanza kupita Mtaa wa Sukuma, magurudumu yakilia, na wavutaji wake waligeuza shingo kumtazama mwenzao wa zamani aliyejinunulia motokaa isiyokwenda. Wengine walimsalimia. Zahoro aliitikia bila kuinua uso.

Akaishika hendeli tena. Ilikuwa nzito, nzito ya ajabu, kana kwamba ndani ya injini kuna mtu ameikamata upande wa pili. Kila alipoisukuma, gari zima lilimsogelea kidogo na kumgonga muundi, nao muundi wake ulikuwa na alama za kugongwa tangu mwezi wa Mei, moja juu ya nyingine. Mara ya kumi na tisa. Mara ya ishirini. Kimya.

Na leo haikuwa siku ya kimya. Saa mbili kamili karani wa laisensi angefunga daftari lake kwenye kiwanja cha Mnazi Mmoja, ambako Mzungu wa kukagua magari alikuja asubuhi moja tu katika kila mwezi. Zahoro alikwisha kushindwa mara mbili. Mara zote mbili alifika kiwanjani gari likisukumwa na watu, na Mzungu hakusumbuka hata kuinuka kitini. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Akishindwa leo, namba inang'olewa na gari linalala mpaka mwaka mpya. Wenye minazi wa Magomeni, waliomwahidi mzigo wao wa nazi wa kila siku, walikwisha kumwambia wazi kwamba bila cheti hawampi hata kifuu.

Lilikuwa gari dogo la mizigo, la aina ile ambayo siku hizi watu huiita pikapu: mbele kiti kimoja cha watu wawili, nyuma kisanduku cha bati, kifupi, cha kubebea vitu vya shamba. Alilinunua mwezi wa Machi kwa Mgiriki mmoja ambaye mkonge ulimwangusha mwaka ule bei ilipoporomoka. Ili alinunue aliuza mkokoteni wake, akauza na vipuli vya dhahabu vya mkewe Zamda. Udereva alifundishwa na Mgiriki mwenyewe kwa siku mbili. Ufundi hakufundishwa na mtu. Aliufahamu kwa kufungua kitu, kukitazama, na kukirudisha akiomba Mungu.

Kwa nini mtu mzima wa miaka arobaini ajitie katika jambo asilolijua? Jibu lilikuwa linakuja kutoka kona ya Mtaa wa Kongo, linanguruma, taa zote mbili zinawaka.

Lilikuwa lori la Bwana Hamud bin Saif, na aliyeliendesha alikuwa Fikirini.

Miaka tisa Fikirini na Zahoro walikuwa na mkokoteni mmoja, Zahoro akivuta mbele, Fikirini akisukuma nyuma. Walikula sahani moja. Kisha Bwana Hamud, mfanyabiashara wa nafaka, akaagiza malori, akahitaji watu wa kuwafundisha udereva, akamchukua Fikirini. Kwa nini Fikirini? Swali hilo lilimla Zahoro asubuhi na jioni. Aliyekuwa mbele ni nani? Aliyezijua njia ni nani? Miaka tisa yule bwana kazi yake ilikuwa kutazama mgongo wa Zahoro, na leo amekaa juu, kiwiko dirishani, wanawake wa sokoni wanamwita "dereva" kwa sauti za kuimba. Zahoro angeweza kuapa msikitini kwamba hana kijicho. Alikuwa nacho, tena kilikwisha kunenepa.

Lori likapunguza mwendo, likasimama.

"Sabalkheri, Zahoro."

"Kheri."

"Limekataa tena?"

"Halijakataa. Nalipumzisha."

Fikirini akacheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki. "Nina kamba hapa. Nikufunge nyuma nikuvute mpaka Mnazi Mmoja, huenda litaamka njiani. Nami naenda huko huko, leo lori letu linakaguliwa."

Lori letu! Zahoro alilisikia neno hilo likimpita kifuani.

"Gari langu halijafa," akasema.

"Basi nishuke nitazame. Si kitu kikubwa, pengine—"

"Ulishalitazama mwezi wa Mei. Ulifunua boneti ukaingiza kichwa. Tangu siku ile halijapona."

Uso wa Fikirini ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. Zahoro aliyaona mabadiliko hayo. Kumbe kweli! Kumbe kuna kitu amekifanya!

"Mimi sikuigusa injini yako," Fikirini akasema taratibu.

"Nenda, bwana. Usichelewe kwa Mzungu."

Lori likaondoka. Zahoro alilisindikiza kwa macho mpaka lilipokata kona, na hata katika hasira yake aliona kwamba limewaka bila kelele, limeingia gia bila kukwaruza, na bodi lake la mbao limepakwa rangi mpya ya kijani.

Habari ya bodi ilikuwa habari nyingine. Mwezi wa Mei, gari lilipokuwa bado zima, Zahoro aliona kisanduku kile cha bati kinamtia aibu. Akanunua mbao za mvule, akapigilia juu ya kisanduku kuta tatu na mlango wa nyuma, misumari ya inchi nne. Akaongeza majani mawili ya springi kila upande, aliyoyaokota kwenye gari bovu huko Gerezani, ili lisichuchumae likibeba. Kazi ilikuwa nzuri, hata mafundi waliisifu. Ila kipimo cha urefu hakukipata kwa fundi yeyote. Alikwenda na kamba mchana mmoja, Fikirini akiwa kwenye kahawa, akapima bodi la lori la Bwana Hamud, akafunga fundo. Lake akalizidisha vidole vinne. Vidole vinne hivyo havikuwa na kazi kwa nazi wala kwa mkaa. Vilikuwa vya Fikirini.

Akafunua boneti. Alianza upya yale aliyoyafanya jana, na juzi, na juzi yake. Akafungua plagi zote nne, akazisugua kwa msasa, akazifuta kwa pindo la shuka. Akachomoa bomba la petroli, akalipuliza kwa mdomo mpaka petroli ikamwingia kooni, akatema. Petroli yenyewe aliichuja tena kwa kitambaa cha kanzu kuukuu, ingawa ilikuwa safi. Akagusa nyaya moja moja. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Lililomtia wazimu ni kwamba gari hilo hilo, ikifika saa sita jua likiwaka, liliamka kwa mzungusho mmoja na kucheka siku nzima. Ugonjwa gani unaojua saa? Mtu akimwambia ni mkono wa mtu, atabishaje?

Zamda alitoka uani amebeba jiko la makaa, akaliweka barazani. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kutembea, aliyeuza mafuta ya nazi sokoni, naye alilipanga jiko kama alivyolipanga kila asubuhi ya kipupwe: makaa katikati, chupa za mafuta zimelizunguka kwa mbali, ziyeyuke kabla ya kutoka. Mteja wa kupaka nywele hanunui mafuta yaliyoganda.

"Baba Siti, saa yaenda," akasema. Siti alikuwa binti yao, aliyeolewa Bagamoyo.

"Naiona."

"Fikirini alitaka kukuvuta. Nimesikia."

"Aliyelifunga ndiye alivute? Amelifunga yule, Mama Siti. Leo nimeuona uso wake."

Zamda alichuchumaa karibu na gurudumu, akamtazama mumewe akifungua kibomba kidogo cha ubavuni mwa injini, kile ambacho Mgiriki alimwonyesha: ukikifungua mafuta yakadondoka, basi yanatosha. Hayakudondoka. Zahoro akavunja njiti ya ufagio, akachokoa. Ikatoka na donge, jeusi upande mmoja, jeupe upande wa pili.

Zahoro alirudi nyuma hatua mbili.

"Unaona?" akanong'ona. "Unaona alichonitilia? Hii ni dawa."

Zamda alichukua donge kwa kidole. Akalinusa. Akalisugua kiganjani mpaka likayeyuka, akalinusa tena. Kisha akamtazama mumewe kwa muda, na Zahoro hakupenda namna alivyotazamwa.

"Baba Siti. Hii nazi."

"Nazi gani?"

"Nazi yangu. Mafuta yangu mimi. Chupa zangu tatu zilizopotea mwezi wa Mei, nikamshuku mpangaji mwenzetu Sitara, mpaka leo hatuamkiani. Ulizitia humu?"

Zahoro alikumbuka vizuri sana. Mafuta ya injini yalikuwa yamepungua, na yale ya dukani ni ghali, huuzwa kwa debe zima. Miaka yote ya mkokoteni ekseli ilipolia alitia mafuta ya nazi, ikanyamaza. Ekseli ni chuma na injini ni chuma. Alizitia chupa tatu, na gari likaenda vizuri wiki mbili nzima, mpaka hali ya hewa ilipobadilika.

"Nilikuwa nikiutilia mkokoteni," akasema.

"Mkokoteni!" Zamda akapiga kofi paja lake. "Na mimi kila asubuhi naziotesha chupa moto mbele ya macho yako, wewe unapita na spana! Mwanamume mzima anamsingizia mwenzie uchawi, na mafuta yamemgandia tu kwa baridi!"

Alicheka mpaka akashika tairi, kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa kuwa alikumbuka Sitara na maneno aliyomwambia kisimani. Zahoro yeye hakuwa na nafasi ya kucheka wala kutahayari. Alitazama jiko, akatazama tumbo la injini.

Wakaifanya kazi hiyo wawili, kwa woga. Zahoro alifunga bomba la petroli, akalipeleka debe la petroli ya akiba nyumba ya tatu, akafuta kila tone. Zamda alitoa makaa yenye ndimi, akabakisha yaliyotulia yenye majivu juu, akalisukuma jiko chini ya gari kwa mchi wa kinu. Wakakaa barazani wakilitazama, Zahoro ameshika ndoo ya mchanga. Baada ya muda hewa yote ikanuka kama siku ya kupika mafuta. Mpita njia mmoja akauliza kama wanapika gari, na hakupewa jibu.

Jiko likatolewa. Zahoro akashika hendeli. Ilizunguka nyepesi, na mzungusho wa pili injini ikapiga chafya, ikakohoa moshi mweupe wenye harufu ya wali wa nazi, ikashika.

"Nenda!" Zamda akapiga kelele juu ya mngurumo. "Na Fikirini ukamtake radhi!"

Alikwenda. Aliteremka Msimbazi mkono mmoja ukiwa juu ya honi, akavuka kuelekea Mnazi Mmoja, na njia nzima hakufikiria radhi hata mara moja. Alifikiria uso wa Fikirini atakapomwona anaingia kiwanjani bila kusukumwa na mtu.

Magari yalikuwa saba, yamepangwa mstari mmoja majanini. Lori la kijani lilikuwa la tatu. Mzungu, mtu mwekundu mwenye soksi ndefu, alikuwa amelifikia wakati Zahoro anaegesha nyuma. Alilipigapiga ubavu kwa fimbo yake. Hakuagiza liwashwe. Hakuingia chini. Alimwuliza Fikirini kama Bwana Hamud hajambo, karani akagonga mhuri, basi. Haikuchukua muda wa mtu kuvuta kiko. Zahoro aliyaona yote.

Zamu yake ilifika.

"Wewe tena," Mzungu akasema. "Zima. Washa."

Zahoro akazima. Akashuka, akazungusha. Likawaka mara moja. Mzungu akainua nyusi. Akataka taa, zikawaka. Akataka honi, ikalia. Akamwambia aende mpaka kwenye jiwe lililopakwa chokaa na kukanyaga breki, na gari likasimama pale pale, na yale majani mapya ya springi hayakuyumba. Mzungu akachungulia chini, akagusa springi kwa fimbo.

"Nani fundi?"

"Mimi mwenyewe, Bwana Mkubwa."

"Mzuri," Mzungu akasema, akarudi kitini.

Neno moja tu, lakini Zahoro alihisi miguu imekuwa myepesi. Aligeuka kumtafuta Fikirini. Alimwona amesimama kando ya lori lake, anatazama, na usoni hana furaha hata chembe. Zahoro akatabasamu. Basi na aumie!

Ndipo karani alipomkaribia na futi. Aliitwa Theophil, kijana wa misheni, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alipima ubavu wa bodi, akaandika. Akapima nyuma, akaandika. Akatazama vichwa vya misumari.

"Bodi hili gari lilitoka nalo kiwandani?"

"Nimelitengeneza mimi, bwana karani. Mvule mtupu."

"Nimeuona. Kazi safi." Theophil akafunua kurasa. "Shida ni kwamba sasa hili si gari dogo tena. Likiwa kama lilivyotoka kiwandani ni daraja la kwanza. Ukipandisha bodi kupita alama hii, ni daraja la pili. Lori. Nalo linataka laisensi ya lori."

"Nitaikata. Nipe."

"Zimekwisha. Za mwaka huu zote zimeshatolewa, tangu Januari."

"Wamepewa nani?"

Theophil hakuwa mtu mbaya. Aliligeuza daftari kidogo, Zahoro akaona mistari mingi yenye jina moja, ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu.

"Hamud bin Saif," karani akamsaidia. "Kumi."

"Bwana Hamud ana malori sita. Nayajua yote."

"Sita, ndiyo."

"Na nne nyingine anazifanyia nini?"

"Anazo," Theophil akasema.

Nyuma yake Zahoro alisikia viatu vya mtu majanini, na hakuwa na haja ya kugeuka kujua ni nani, kwani miaka tisa aliisikia miguu hiyo nyuma yake.

"Bwana ameacha maneno," Fikirini akasema. Alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Amesema ukikwama, atakupa moja ya zile nne. Gari liandikwe kwa jina lake, jina lipakwe mlangoni. Wewe utaendesha. Utapata nusu ya kila safari."

"Ameacha maneno lini?"

"Jana."

"Jana alijuaje kwamba nitakwama leo?"

Fikirini alitazama chini. "Nilimwambia mimi. Siku ile ya Mei. Sikuwa natazama injini yako, Zahoro. Nilifunua boneti ili nipate kisingizio cha kusimama. Nilikuwa natazama bodi. Sheria hii naijua, lori letu lilipimwa hapa hapa. Nilijua utakwama."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Kwa nini? Nilikula nini chako?"

Theophil alijitia kuhesabu kurasa. Fikirini alijibu kwa sauti ndogo.

"Kijicho. Kila asubuhi napita pale kwako, nakuona umepaka masizi mpaka puani, unasukuma gari lako mwenyewe. Mimi naendesha la mtu. Nikikwaruza rangi nakatwa. Nikikaa juu yake bila ruhusa naulizwa. Nikisema 'letu' wanacheka dukani. Nilikuona unapigilia mbao zile huku unaimba, nikasema moyoni, mwache."

Zahoro alitaka kumpiga. Mkono ulikwisha kukunja ngumi. Lakini kitu kikamshinda nguvu, na kilikuwa kitu cha kuchekesha mno kiasi cha kumtia uchungu: tangu Machi hajalala vizuri kwa kumwonea wivu mtu huyu, na mtu huyu naye alikuwa macho upande wa pili wa mtaa. Na yule mwenye laisensi nne zilizolala sandukuni, yeye pengine alikuwa bado kitandani.

"Bwana karani," akasema, "saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo."

"Nikiling'oa bodi, utaandika daraja la kwanza?"

"Likiwa limerudi kama lilivyotoka, ndiyo."

Zahoro akaichomoa hendeli, akaiingiza baina ya ubao na bati, akaiegemea kwa uzito wake wote. Misumari ya inchi nne ikalia. Ubao wa kwanza ukatoka na kipande cha bati. Watu wa magari mengine wakasogea kutazama. Fikirini alipiga hatua kusaidia, akatazamwa, akarudi. Ubao wa pili. Wa tatu ulipasuka katikati, na Zahoro alihisi kama umepasukia ndani yake, maana ubao huo aliupiga randa siku nzima. Jasho lilimtiririka katika baridi ile. Alipomaliza, kisanduku cha bati kilibaki kimejaa matundu, kifupi, cha aibu ile ile ya mwezi wa Machi. Mbao kumi na moja zililala majanini.

Theophil akapima tena. Akaandika kwa muda mrefu, akagonga mhuri, akachana karatasi, akampa. Saa mbili kasoro dakika tatu.

"Hongera," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa na moyo mwema, akaongeza: "Umesoma mstari wa chini?"

"Nisomee."

"Daraja la kwanza ni gari la nyumbani. Linaruhusiwa kupakia mali ya mwenye gari tu. Mizigo ya watu, ya kulipwa, hapana. Ukikutwa na nazi za mtu mwingine, linashikwa."

Zahoro aliitazama karatasi. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya samawati, na jina lake lilikuwa juu peke yake, Zahoro bin Mwinyi, bila jina la mtu mwingine.

"Nikizinunua nazi zenyewe? Zikawa zangu?"

"Hapo huna kosa. Una cha kununulia?"

Mkokoteni ulikwenda. Vipuli vilikwenda.

"Na mwenye gari asiyekuwa na mali?" Zahoro akauliza.

"Sheria haikusema kitu juu yake," Theophil akajibu, akafunga daftari.

Mzungu alikuwa akipanda gari lake. Fikirini alikuwa bado amesimama pale. "Lile neno la Bwana bado lipo," akasema. "Nimwambieje?"

Zahoro aliinama, akaokota ubao mmoja, akauweka kwenye kisanduku. Akaokota wa pili. Fikirini akashika ncha ya wa tatu.

"Uache," Zahoro akamwambia. "Hiyo ni mali yangu. Na gari hili linabeba mali yangu." Akauchukua, akaupakia. Akazipakia zote kumi na moja, na ule uliopasuka akaupanga juu, akazifunga kwa kamba mara mbili kama mtu anayekwenda safari ya mbali. "Mwambie umeniona nimepakia mali yangu."

Gari likawaka kwa mzungusho mmoja, maana injini ilikuwa bado moto. Aliondoka kiwanjani akampita Fikirini. Radhi aliyoagizwa hakuitaka, na aliyostahili kutakwa yeye hakutakwa.

Angeweza kukata njia ya mkato kwenda nyumbani. Hakukata. Alipita kati ya Kariakoo, mbele ya soko lenyewe, polepole, na mbao zake zikigongana nyuma. Jua lilikuwa limetoka sawasawa. Kwenye kona ya Mtaa wa Swahili mkokoteni wa magunia ya mtama ulimzuia. Wenyewe walikuwa wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, shingo zimejaa mishipa. Wakausukuma pembeni kumpisha.

Yule wa mbele aliinua kichwa. Alimtazama Zahoro aliyekaa, akatazama usukani, akatazama mzigo wa mvule uliofungwa vizuri, akarudi kwa Zahoro. Hakusalimia. Mdomo wake ulikaza kidogo upande mmoja. Zahoro aliijua namna ile ya kutazama kuliko alivyojua sura yake mwenyewe.

Alitaka kusimama. Alitaka kumwambia yule bwana kwamba hakuna kitu hapa, kwamba mzigo huu ni kuni, kwamba kesho asubuhi gari hili litatoka na kurudi tupu. Mguu wake uligusa breki.

Kisha akaona kwamba imempendeza kutazamwa vile. Akaweka kiwiko dirishani, akapiga honi, akapita.